Miaka 17 kitaluni, miezi 78 kwenye karatasi: nifanyeje?

Ndugu Mshauri,

Umri wako siujui, kwa hiyo kama umenizidi, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba yako nimeshaitoa.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nafanya kazi kwenye shamba moja la miti la serikali huku Nyanda za Juu Kusini. Agosti hii nimetimiza miaka 54. Kazi yenyewe ni ya msimu. Agosti tunakusanyika mbele ya stoo, majina yanasomwa, tunaanza kujaza udongo kwenye viriba na kupandikiza miche ya misindano. Mvua zikikolea Desemba tunaibeba kwenda kuipanda mlimani, na mwisho wa Februari tunaambiwa asanteni. Machi mpaka Julai kila mtu na viazi vyake. Nilianza msimu wa 2008/09 na sijaruka hata mmoja, hata ule niliokuwa na kichanga mgongoni.

Misimu minne ya kwanza tulilipwa kwa siku. Karani anakuja na daftari, unaweka sahihi au dole gumba, unapewa chako, basi. Makato hayakuwepo. Msimu wa 2012/13 ndipo tukaanza kupewa mikataba ya miezi saba saba na kuandikishwa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Kadi yangu niliionyesha nyumba nzima kama mtoto aliyeshinda mtihani. Tangu hapo nakatwa asilimia 10 ya mshahara, na mwajiri anatakiwa aongeze 10 yake.

Julai binti yangu akanipeleka mjini kuchukua taarifa ya michango. Kwenye basi nilishapiga hesabu kichwani: misimu 13 mara miezi saba, 91. Dada wa kaunta akachapa karatasi, jumla ikaja 78. Nikamwomba aangalie tena. Hakukasirika, aliangalia, kisha akanigeuzia kompyuta nijionee. Msimu wa 2018/19 haupo wote. Halafu Februari za misimu sita hazipo, mwezi ambao tunapanda na kushuka mlima kurudishia miche iliyokufa, mvua inakunyeshea mpaka kwenye mifupa. Naona mwajiri alikuwa akifunga hesabu zetu kabla mwezi haujaisha. Ila pesa yangu ilikatwa. Slipu za msimu ule wa 2018/19 ninazo, shilingi 30,000 kila mwezi, nimezihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Ninazo tano. Mbili zililiwa na panya kabla sijapata akili ya kopo.

Nikadhani nimeshamaliza kuumia, kumbe bado. Dada yule akanieleza taratibu kwamba pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180. Isipotimia, ukistaafu unapewa mkupuo mmoja na safari imeishia hapo. Mtumishi wa kudumu anaitimiza kwa miaka 15. Bwana miti wetu wa sasa, kijana niliyemwonyesha mimi jinsi ya kung'oa mche bila kukata mzizi, mwaka wake una miezi 12. Wangu una saba. Kwa mwendo huu nahitaji karibu misimu 26, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60.

Tumekaa na binti yangu tukahesabu nyuma ya kalenda. Ninayo 78. Ile 13 iliyopotea ikirudi, 91. Misimu sita iliyobaki mpaka nifike 60 ni miezi 42, jumla 133. Nikiruhusiwa kujichangia mwenyewe ile miezi mitano ya nyumbani kila mwaka, inaongezeka 30, tunafika 163. Zinapungua 17! Lakini misimu ile minne ya daftari ni miezi 28. Ikihesabiwa, navuka, nafika 191. Yaani uzee wangu wote umekaa kwenye daftari la karani ambalo sijui kama bado lipo au lilishawasha moto wa chai.

Nilimwendea mhasibu wa kituo. Akasema michango ya 2018 ilishughulikiwa na mtu aliyehama, nisubiri. Nikamuuliza nisubiri mpaka lini, akaanza kutafuta kalamu. Mpwa wangu, aliyesoma sheria kidogo, ndiye aliyenitia hofu zaidi. Anasema mgogoro wa kikazi usiohusu kuachishwa kazi unapelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60. Yangu ni ya miaka saba nyuma. Huyohuyo ndiye aliyeniambia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imetutaja sisi wa msimu waziwazi kwamba tunastahili likizo yenye malipo. Likizo hiyo sijawahi kuiona, ila hiyo nitakuandikia siku nyingine.

Mume wangu anasema niache, nichukue mkupuo tununue ng'ombe wawili wa maziwa. Wenzangu wawili walichukua zao zamani, wakati fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako kabla ya kustaafu, lilikuwa likitoka kirahisi, wakaezeka bati. Mabati nayaona kila nikipita, mazuri kweli. Mmoja wao sasa ana miaka 63 na anakuja kitaluni kuomba kibarua cha kujaza viriba.

Kwa hiyo naomba unishauri. Je, zile siku 60 zinahesabiwa tangu 2018, au tangu Julai nilipojua? Je, inafaa nianze na mfuko wenyewe, wamdai mwajiri, badala ya mimi kusimama naye uso kwa uso? Kwa slipu tano kati ya saba, zile mbili naweza kuthibitisha kwa nini, kwa mkataba? Je, miezi ninayokaa nyumbani naweza kujichangia kwa namba ileile ya uanachama, na ikahesabiwa pamoja na ile ya kazini? Na misimu ya daftari, kuna njia yoyote ya kuirudisha, au niisahau nisije nikachekwa?

Jambo la mwisho, na ndilo linaloninyima usingizi. Msimu huu tumeshaitwa, jina langu limesomwa la nane. Nikilalamika sasa, Agosti ijayo hakuna atakayenifukuza. Jina halitasomwa tu. Kwa hiyo niseme sasa nikiwa na mkataba mkononi, au nisubiri Machi?

Mama wa Viriba,
Nyanda za Juu Kusini