Blubeli mlizoniuzia si za Uingereza

Kent, Uingereza
Mwezi Mei

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: VITUNGUU VYA MAUA VISIVYOLINGANA NA MAELEZO YENU

Ndugu Meneja,

Septemba ya mwaka juzi nilinunua kwenu vitunguu 100 vya kupanda vya blubeli, yale maua ya buluu ya msituni. Kwenye mfuko mliandika "asilia ya Uingereza", na chini yake jina la kisayansi, Hyacinthoides non-scripta. Mwezi huu vimechanua. Ni blubeli za Hispania, na baadhi yake naziona ni chotara.

Nimelelewa Lushoto katika nyumba ya wakulima wa mboga. Kwetu mtu akiuziwa mbegu siyo, msimu mzima umekwenda, na hakuna anayemlipa. Kwa hiyo sikukurupuka kuwalaumu. Mwaka wa kwanza yalitoka majani tu, mapana karibu sentimita 3, ilhali ya blubeli asilia huwa membamba, sentimita 1 na nusu hivi. Niliwapigia simu. Mhudumu wenu akaniambia nisubiri maua.

Maua ndiyo haya. Mabua yamesimama wima, maua yameyazunguka pande zote, na harufu ni hafifu mno. Blubeli asilia huinamisha kichwa, maua yake yakaning'inia upande mmoja kama kengele nyembamba zenye ncha zilizojikunja, na harufu yake tamu hukufikia kabla hujaiona. Kama bado mna shaka, tazameni chavua. Ya asilia ni nyeupe kama malai. Nimefungua maua kumi ya bustanini mwangu, yote yana chavua ya buluu.

Fedha yangu naitaka, lakini kilichoniuma zaidi si fedha. Nyuma ya uzio wangu, hatua zisizozidi thelathini, kuna msitu wa mialoni. Kila mwisho wa Aprili, kabla majani ya miti hayajaziba jua, ardhi yake yote hugeuka buluu. Miaka yangu ya kwanza hapa, nilipokuwa mgeni kabisa, msitu ule ulinifariji kuliko mtu yeyote. Nilitaka bustani yangu iwe mwendelezo wake. Sasa nimeutegea hatari kwa mkono wangu: nyuki hawajui uzio, na aina hizi mbili huzaana kwa urahisi. Blubeli ya mbegu huchukua kama miaka mitano hadi kutoa ua, kwa hiyo chotara waliotungwa Mei hii tutawaona wakati mfuko wenu umeshasahaulika.

Nimekata maua yote, isipokuwa ya bua moja, kabla hayajatoa mbegu, kisha nimechimba siku mbili. Nilivipanda sentimita 10 chini, vikajivuta chini zaidi. Nimepata 73. Vilivyobaki vitachipua tena, nami nitalazimika kuvichimba tena mwakani. Sikuvitia kwenye mboji wala kuvitupa porini. Nimevifungia kwenye mfuko mweusi hadi vife.

Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 inataka bidhaa ilingane na maelezo yake. Naomba mnirudishie fedha zote pamoja na gharama ya usafirishaji. Naomba pia muwaandikie wateja wote waliouziwa vitunguu vya shehena ile, hasa wanaoishi karibu na misitu, muwaeleze namna ya kuitambua chavua na wakate maua mapema. Na mniambie mlivipata wapi vitunguu hivyo. Tangu 1998 ni marufuku kuuza blubeli zilizochimbwa porini, na muuzaji mwaminifu hujua kitalu alikonunua.

Nimeambatanisha risiti, picha za mfuko, na picha za maua zilizopigwa kwa karibu ili chavua ionekane. Nitasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Mkitaka kumtuma mtaalamu wenu aje ajionee mwenyewe, aje upesi: nimeacha bua moja tu, nimelifunika kwa chandarua nyuki wasilifikie, na wiki ijayo nalo nitaling'oa.

Wenu,
Mteja wenu wa Kent