Mwanangu, kuhusu likizo yetu ya Malta

Tanga, Septemba

Mwanangu mpendwa,

Barua yako tumeipata, na mama yako amenikabidhi kazi ya kuijibu kwa sababu, asemavyo yeye, mimi ndiye mwenye subira ya kukaa na kalamu. Unauliza kama wewe na mumeo mkienda Malta, kile kisiwa cha Bahari ya Mediterania, kiangazi kijacho mtaijutia pesa yenu. Hamtaijutia. Hata hivyo ningependa ujue safari yetu ilivyokuwa hasa, maana ulipotulipia tiketi ulidhani unatupeleka kutazama majengo ya kale, kumbe ulitupeleka mahali ambapo hatukuwa na la kufanya.

Tangu nimuoe mama yako tumesafiri sana, lakini hatukuwahi kusafiri pasipo shughuli. Tumekwenda Lushoto matangani, Moshi kupeleka mahari ya kaka yako, Dar es Salaam hospitalini, na kila mara mikoba ilijaa vitu vya watu na siku zilijaa wazee wa kuamkiwa. Nilipofika kwenye fomu ya viza, mahali wanapouliza madhumuni ya safari, niliandika "mapumziko", nikaambatisha taarifa za benki na ile bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 ambayo nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, huidai, huku nikijiona kama mtu anayetoa ushahidi wa uongo.

Siku za mwanzo mama yako aliitafuta shughuli kwa bidii. Alifua mashati yangu katika sinki la kunawia mikono, akayaanika kwenye kibaraza kinachotazama barabara, hata mhudumu akaja kwa adabu kubwa kutueleza kwamba hoteli ina dobi. Alitaka tuamke alfajiri ili tuwahi, na nilipomuuliza tuwahi nini, alinyamaza. Mimi nami nilizunguka Valletta, mji mkuu, nikiwa na orodha mkononi: ngome zilizojengwa na wale watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane baada ya kuzingirwa na Waturuki mwaka 1565, kisha kanisa lao, ambamo umo mchoro mkubwa wa Caravaggio, mchoraji wa Kiitaliano, wa mwaka 1608 unaoonyesha Yohane Mbatizaji akiuawa. Mchoro huo msiukose, na mkifika mbele yake msiharakishe. Mengine ya mjini mkiyapita si neno.

Kilichotutuliza ni jua. Julai na Agosti mvua hainyeshi kisiwani pale ila kwa nadra, joto hupita nyuzi 30, na yale mawe ya chokaa ambayo karibu kila nyumba imejengwa kwayo huurudisha mwanga usoni hadi macho yakachoka. Sisi wa Tanga tunalijua joto, lakini la kwetu lina miembe na minazi, ilhali nchi ile haina hata mto mmoja wa kudumu, na zaidi ya nusu ya maji yake ya bomba ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi mitamboni. Ikifika mchana maduka mengi hufungwa, wenyeji huingia ndani, na mgeni mwenye akili huwafuata. Kwa hiyo nasi tulifunga vibao vya madirisha tukakaa, watu wawili, bila redio, bila jirani, bila mjukuu.

Ni katika saa hizo mama yako aliponiambia kwamba hataki kuhamia Pongwe. Unajua jinsi nilivyokuwa nikikipigia hesabu kile kiwanja tangu nilipostaafu, na unajua kwamba ramani ya nyumba iko tayari. Alisema ataishi mbali na kanisa lake na mbali na wanawake wenzake wa kikoba, na kwamba maneno hayo alikuwa nayo muda mrefu, ila nyumbani kila akifungua mdomo mtu hubisha hodi. Tulilizungumza jambo hilo mchana ule na mchana uliofuata, bila ukali, kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda. Ukiniuliza mimi, thamani ya likizo ya mume na mke ni saa kama hizo, na ninyi mnaofanya kazi kwa zamu na kukutana mlangoni mnazihitaji kuliko sisi.

Jioni tulikuwa tukishuka Sliema, mji wa pwani jirani na Valletta. Pwani ya pale ni mwamba mtupu, haina mchanga, na watu huingia majini kwa ngazi za chuma. Katika mwamba huo vimechongwa vidimbwi vya mraba, vya tangu enzi za utawala wa Waingereza, ambavyo bahari huingia na kutoka ikiwa imepungua nguvu. Mama yako, aliyezaliwa hatua chache kutoka baharini na hajui kuogelea, aliingia kimojawapo akiwa na dera lake, akakaa maji yakimfika mabegani, akakataa kutoka hadi taa za barabarani zikawaka.

Mimi paliponipendeza ni Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi. Mashua zao zimepakwa manjano, nyekundu, kijani na buluu, na kila moja ina macho mawili kwenye omo, kama yale niliyokuwa nikiyaona kwenye vyombo vya Lamu nilipokuwa kijana. Jumapili kuna soko kubwa la samaki na msongamano wa watalii, kwa hiyo nendeni siku nyingine. Pale bandarini Valletta kuna habari nyingine inayomgusa mtu aliyefanya kazi ya bandari: Agosti 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, zilitumwa meli 14 za mizigo kuokoa kisiwa kilichokuwa karibu kufa njaa, zikafika 5 tu, na ya mwisho, Ohio iliyobeba mafuta, iliingia tarehe 15 ikiwa imefungwa kati ya manowari mbili ili isizame.

Tarehe hiyohiyo ni sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, yenye fataki na bendi mitaani. Mkiitaka, vumilieni joto na bei. Msipoitaka, nendeni Juni au Septemba, kwani Septemba maji bado ni ya vuguvugu na watu wamepungua.

Chukueni chumba Gozo, kisiwa kidogo cha kaskazini, badala ya kukaa Malta muda wote. Kivuko hutoka Ċirkewwa na safari haifiki nusu saa. Nauli hulipwa wakati wa kurudi, msishangae mkipita bila kudaiwa. Hekalu la Ġgantija, lenye umri mkubwa kuliko piramidi za Misri, litazameni asubuhi mapema. Lile tao la mwamba mnaloliona kwenye kalenda halipo tena, lilianguka kwa dhoruba Machi 2017. Magari hupita kushoto kama huko mliko, kwa hiyo mumeo asiogope kukodi gari, ila barabara za vijijini ni nyembamba na kuta za mawe ziko karibu mno na milango ya gari.

Mama yako anakusalimu, anasema viungo vya pilau atavituma na binamu yako anayekuja huko Oktoba. Msalimie mkwe wetu.

Ni mimi,
Baba yako