Kijana wa bodaboda wa Jumamosi, asante sana mwanangu

Mimi ndo yule mzee wa baiskeli uliyenikuta barabara ya Ujiji hapa Kigoma mnyororo umekatika, mikono grisi tupu. Tangu nistaafu ratiba imejaa kuliko nilivyokuwa kazini, Jumanne mpira na maveterani wenzangu (tunakimbia kidogo tunabishana sana), Alhamisi bao, Jumamosi nakanyaga pedeli toka Mwanga mpaka pale walipokutana Livingstone na Stanley 1871 halafu narudi na samaki, migebuka ya mama watoto. Basi ukashuka, ukagonga pini kwa msumari na jiwe, ukaunga mnyororo, hela ukakataa eti "mzee utanipa siku nyingine", na mimi hata jina sikukuuliza! Ukiona hii pita kijiweni Alhamisi jioni, kahawa na kashata nalipa mimi, ila kwenye bao sikuachii.