Shukrani kwa dada wa mazoezi ya viungo uliyemsubiri baba

Dada, jina lako sikuliuliza, uniwie radhi. Wewe ndiye uliyemuuliza baba, mwenye ugonjwa wa Parkinson, swali moja, kisha ukanyamaza. Mimi nilishafungua mdomo nimjibie, ukaninyooshea kiganja taratibu. Sekunde kumi hivi zikapita, baba akajibu mwenyewe, tena sawasawa kabisa.

Kabla yako tuliambiwa kuchelewa kwake kujibu ni uzee, au ni ukaidi tu. Wote waliangalia mkono unaotetemeka. (Hata James Parkinson mwenyewe, daktari ambaye ugonjwa huu una jina lake, mwaka 1817 aliandika kwamba akili haiguswi, kwa hiyo siwalaumu sana.) Wewe ulitueleza kuwa ugonjwa huu unaweza kupunguza kasi ya fikra pia, hata kupanga hatua za jambo dogo kukawa kazi; na kwamba akitembea tusimsemeshe, maana kubeba yote mawili kwa pamoja kunamlemea.

Kile kikaratasi ulichomwandikia hatua za kuvaa shati, moja moja kwa herufi kubwa, bado kimebandikwa kwenye mlango wa kabati. Kona moja imeshakunjamana. Jana alifunga vifungo vyote, akanifukuza chumbani nilipotaka kumsaidia.

Asante sana, dada.