Barua ya wazi kwa vijana wa Moshi mnaotafuta kazi Uingereza

Wanangu,

Nimekasirika, na sitaficha. Juzi niliitwa kikao cha ukoo huko Kibosho niwe shahidi, kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, kiuzwe ili binti aende Uingereza kutunza wazee. Nikauliza: kwani kazi hiyo si ilishafungwa kwa watu wa nje? Wakanitazama kama mtu mwenye wivu.

Ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Februari 2022 Waingereza waliifungua kwa sababu nyumba zao za wazee zilikosa watu. Machi 2024 wakawakataza watunzaji wapya kwenda na mwenza na watoto. Kisha wakafunga kabisa: mwajiri haruhusiwi tena kuleta mtunza wazee mpya kutoka nje. Siku hiyohiyo kazi nyingi zinazodhaminiwa, yaani zile ambazo mwajiri humdhamini mgeni apate viza, zilipandishwa hadi ngazi ya shahada, na mshahara wa chini wa kawaida wa kupatia viza hiyo ukatoka pauni 38,700 hadi 41,700 kwa mwaka. Serikali yao ilitangaza yote hayo hadharani. Wakala aliyemwahidi binti yule nafasi mwezi Novemba alijua anachokifanya.

Cheti cha udhamini hakiuzwi! Ada yake mwaka 2025 ilikuwa pauni 525, na mlipaji ni mwajiri. Tangu 31 Desemba 2024 mwajiri anayemtwisha mfanyakazi gharama hiyo anajiweka katika hatari ya kunyang'anywa leseni ya kudhamini. Wewe unalipia maombi ya viza yako. Binti alikuwa ameambiwa na wakala alete shilingi milioni 14 za cheti. Akanionyesha hicho cheti: karatasi yenye bendera na muhuri mwekundu. Mwanangu, cheti cha udhamini si karatasi. Ni taarifa iliyomo kwenye mfumo wa uhamiaji wao. Mwajiri anakutumia namba yake, nawe unaitumia kuombea viza ndani ya miezi 3. Orodha ya waajiri wenye leseni ipo wazi kwenye tovuti ya serikali yao, kuiangalia ni bure. Kwenye kikao kile kila mmoja alikuwa na simu mkononi, na hakuna aliyekuwa ameiangalia.

Nilimgeukia mjomba wake. Mtu huyu enzi za kupeleka kahawa kwenye chama cha ushirika alikuwa hakubali kuondoka bila risiti, hata kwa kilo mbili. Risiti ya fedha walizotanguliza iko wapi? Akanijibu kwamba wakala ni mtu wa kanisani kwetu. Yaani ardhi walikozikwa babu zake inakwenda kwa sababu mtu anaimba kwaya! Wajomba na mashangazi, msituletee aibu hii. Mtoto ana haki ya kutamani. Kazi yenu ni kuuliza.

Mengine nayataja kwa haraka. Kuanzia 8 Januari 2026 waombaji wapya wa viza za kazi zinazodhaminiwa wanatakiwa Kiingereza cha ngazi ya B2, yaani cha kati cha juu, kwa hiyo anzeni kusoma leo. Mkataba usomwe kabla ya kusainiwa. Pasipoti yako haishikwi na mwajiri.

Ninyi wauguzi, kwenu bado kuna njia, ila haipiti kwa wakala wa mtaani. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kanuni za Uingereza zinakataza kuja kusaka wauguzi katika nchi hizo. Muuguzi anaweza kuomba mwenyewe, moja kwa moja kwa mwajiri, akishughulikia usajili wake kwenye baraza lao la wauguzi. Lakini inaniuma. Dunia inasema hatuna wauguzi, na wanafunzi niliowafundisha wanauza mitumba soko la Memorial hapa Moshi wakisubiri ajira. Wenye mamlaka mnaliona hilo, na bado mnashangaa vijana wakiuza vihamba.

Nanyi mliokwisha kufika kule na mnatunza wazee kihalali, kanuni za mpito zinawaruhusu kuongeza muda au kubadili mwajiri hukohuko hadi 22 Julai 2028. Mwajiri akipoteza leseni, kwa kawaida mnapewa siku 60 kumpata mwingine, basi wekeni akiba na mjue mapema nani wengine wana leseni. Na wadogo zenu wakiwapigia simu, waambieni kazi mliyoendea ninyi haipo tena kwao.

Mwalimu mstaafu wa uuguzi, Moshi