Kura ya maoni kuhusu mkataba: tarehe ipangwe mwisho

Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki, husikika wito kwamba mkataba wake upelekwe kwa wananchi waupigie kura ya maoni. Naafiki, ila wengi wetu hudhani maandalizi ni daftari, masanduku na tarehe basi. Ireland, yenye uzoefu mkubwa wa jambo hili, inatufunza vingine.

Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Raymond Crotty mwaka 1987, mkataba wa Ulaya unaopunguza mamlaka ya nchi hiyo hauridhiwi mpaka Katiba irekebishwe, na Katiba hairekebishwi bila kura ya wananchi. Serikali huandaa muswada, mabaraza mawili ya Bunge lake huupitisha, kisha waziri hutangaza siku. Hukumu nyingine, ya mwaka 1995, iliikataza serikali kutumia fedha za umma kuupigia debe upande mmoja, na baadaye kazi ya kuwaeleza wananchi ikakabidhiwa tume huru. Kazi hiyo si ndogo, kwa sababu karatasi ya kura hutaja jina la muswada tu, na mpiga kura huweka alama penye ndiyo au hapana bila kuona hata ibara moja ya mkataba.

Juni 2008 Mkataba wa Lisbon, uliobadili namna Umoja wa Ulaya unavyoendeshwa, ulikataliwa kwa asilimia 53.4. Waziri Mkuu Brian Cowen alikuwa amekiri kwamba hakuusoma mwanzo hadi mwisho, na wapinzani wakawaambia watu: kama huelewi, kataa. Serikali ikafanya utafiti kujua sababu, ikatafuta kwa viongozi wenzake wa Ulaya dhamana kuhusu kodi, kutofungamana kijeshi na haki ya uhai, ndipo ikarudi Oktoba 2009 na kushinda kwa asilimia 67.1. (Kuwarudisha watu kituoni kwa mkataba uleule kuna ubishi wake, nami sina raha nako.)

Aprili 2024 serikali ya Ireland iliahirisha kura ya mkataba wa Mahakama ya Pamoja ya Hataza (mahakama ya Ulaya ya kesi za haki za uvumbuzi), iliyopangwa Juni, ikieleza kuwa wananchi wanahitaji muda zaidi wa kuujadili. Hapa Tanzania kura ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa 30 Aprili 2015, nayo iliahirishwa, lakini kigezo kilikuwa uandikishaji wa wapiga kura ambao haukuwa umekamilika, si uelewa wao.

Sheria yoyote itakayotungwa kwa ajili ya shirikisho itamke kwamba tarehe haitatangazwa kabla chombo huru cha kueleza mkataba hakijapewa fedha, watumishi na miezi ya kutosha, na kabla mkataba wenyewe haujafika kwa Kiswahili katika kila ofisi ya kata.

Msomaji wako,
Dodoma