Mdogo wangu, jogoo sikupi

Mdogo wangu,

Marahaba. Matetea ulioniomba utawapata, tayari nimekutengea wanne. Jogoo ndiye sikupi, na nakujibu hadharani maana si wewe peke yako unayeniganda kwa ajili yake.

Unasema bila jogoo hawatataga. Watataga! Jogoo anahitajika pale tu unapotaka vifaranga. Kama shida yako ni mayai ya kukaanga, humhitaji kabisa.

Halafu unajifariji kwamba atawika alfajiri, basi yaishe. Thubutu. Anaanza giza likiwa totoro, na mchana kutwa haishiwi sababu: pikipiki imepita, mlango umegongwa, jogoo wa mtaa wa pili amejibu. Tetea akitaga na kuanza kutetea, naye anadakia kana kwamba yai ni lake. Kuziba banda lisiingie mwanga hakutamnyamazisha. Mwaka 2013 watafiti Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwaweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika usiku na mchana, na bado waliwika kwa mzunguko unaokaribia saa 24. Saa anayo mwilini. Sasa wewe na jirani yako mnatenganishwa na ukuta mmoja, na ana kichanga. Mtagombana, na lawama zitanirudia mimi.

Simsemi vibaya, nampenda. Akifukua funza huwa namwangalia: anamdonoa, anamwangusha, anamdonoa tena, huku akiita ku-ku-ku ya harakaharaka, mpaka matetea wanakuja mbio na yeye haonji. (Siku nyingine anaita na hana kitu. Laghai mkubwa.) Mwewe akipita, anainamisha kichwa upande, jicho moja juu, anatoa mlio mmoja mrefu, na uani hapabaki kuku hata mmoja.

Lakini kwa matetea wanne atakuwa balaa. Jogoo mmoja anatosha majike 8 hadi 10; wakipungua sana, anawapanda walewale kila mara hadi migongo inabaki bila manyoya.

Wewe andaa banda. Liwe kavu, lipitishe hewa, liwe na fito za kulalia na kiota kimoja au viwili vyenye giza kidogo. Pembeni waachie mchanga mkavu wenye majivu waoge, ndivyo wanavyojitoa utitiri. Maji yasikauke. Na chanjo ya mdondo usiipuuze hata kama ni kuku wanne tu. Ugonjwa huo ukiingia, unaweza kuamka ukakuta banda zima limelala chini.

Siku moja utamkuta mmoja amegoma kutoka kiotani, amejitutumua, ukipeleka mkono anakudonoa. Huyo anataka kuatamia. Usimhangaishe, nipigie simu. Nitakuletea mayai yenye mbegu kutoka kwangu, umwekee usiku taratibu wakati ametulia, na baada ya siku 21 utakuwa na vifaranga bila kuwahi kufuga jogoo. Ila jua kabisa, karibu nusu yao watakuwa madume. Wakianza kujifunza kuwika kwa zile sauti zao za kukwaruza, usiniletee.

Kaka yako.